Mji uliozaliwa na reli wasubiri garimoshi la kila siku

Na Mwandishi Wetu

UKISIMAMA nje ya stesheni ya Nakuru asubuhi ya siku ya kazi utaona mji mzima ukiwa mbioni. Wanafunzi wamebeba mikoba mgongoni. Akina mama wanahangaika na magunia ya kabichi kuelekea sokoni. Makarani wanaruka vidimbwi wasichafue viatu. Makanga wanaita Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha mpaka sauti zinawakauka.

Karibu wote hao wamekuja kwa matatu. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya jengo la stesheni, jukwaa refu la abiria mara nyingi halina mtu. Garimoshi la mizigo hupita likitetemesha madirisha, kisha kimya kinarudi.

Ni kinaya kikubwa, msomaji, kwa kuwa kama si reli hiyo watu hao wote hawangekuwa hapo. Miji mingi hujengwa kwanza, kisha reli ikaletwa. Nakuru ilianza kinyume. Reli ndiyo iliyotangulia, stesheni ikafuata, halafu maduka, halafu mji.

Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896. Waingereza waliiita Uganda Railway kwa sababu walichokitaka kilikuwa Uganda na chanzo cha mto Nile. Nchi iliyokuwa katikati waliiona kama njia ya kupita tu. Mei 1899 reli ilikuwa imefika Nairobi, mahali palipokuwa kinamasi na malisho.

Kazi hiyo ilifanywa na vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, na takriban 2,500 kati yao hawakurudi makwao wakiwa hai. Simba wa Tsavo ndio waliopata sifa katika vitabu na sinema, lakini maradhi na ajali viliua wengi zaidi.

KUTEREMKA BONDENI

Baada ya Nairobi wahandisi walikutana na ukingo wa Bonde la Ufa. Aliyewahi kusimama pale juu ya Mai Mahiu akatazama chini kuelekea Longonot anaelewa shida yao. Ardhi inaanguka ghafla kama mtu aliyekatiwa ngazi.

Kuchonga njia ya kudumu ukingoni kungechukua muda mrefu, na wakubwa huko London walikuwa wakilalamikia gharama. Basi wakabuni njia ya muda. Mabehewa yaliwekwa juu ya majukwaa yenye magurudumu na kushushwa kwa kamba za chuma. Lililojaa likiteremka, uzito wake ulivuta tupu kupanda juu. Kwa namna hiyo vyuma, mataruma na hata injini viliteremshwa hadi bondeni, na kazi ikaendelea mbele huku njia ya kudumu ikichongwa nyuma yao.

Reli ikapita Naivasha, Gilgil na Elmenteita. Mwaka 1900 ikafika Nakuru, kati ya ziwa na mlima Menengai.

Hapa pana jambo ambalo huwashangaza hata wenyeji. Reli ilipofika Nakuru ilikuwa tayari imo ndani ya Uganda. Wakati huo Naivasha na Nakuru zilihesabiwa kuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda, na ni tarehe 1 Aprili 1902 tu ambapo zilihamishiwa upande huu wa mpaka. Mzee aliyezaliwa Nakuru mwaka 1901 alizaliwa Mganda, kwa hesabu ya makaratasi.

Kutoka Nakuru njia ilianza kupanda tena kupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kisha ikaporomoka kupitia Londiani, Lumbwa (ambayo sasa ni Kipkelion), Fort Ternan na Muhoroni hadi ziwani. Sehemu hiyo ya Mau imejaa mabonde membamba yenye mito chini, na kila bonde lilihitaji daraja.

Madaraja marefu ya chuma yaliyojengwa huko yalikuwa 27. Kazi hiyo haikupewa Waingereza. Ilipewa American Bridge Company ya Marekani, na vipande vya chuma vikasafirishwa kwa meli hadi Mombasa, kisha vikapandishwa kwa reli ileile iliyokuwa ikijengwa. Tarehe 20 Desemba 1901, Bi Florence Preston, mke wa msimamizi Ronald Preston, alipiga msumari wa mwisho mahali palipoitwa Port Florence. Leo tunapaita Kisumu.

RELI YATAFUTA MZIGO

Serikali ya Uingereza ilikuwa imetumia zaidi ya pauni milioni 5 na sasa ilikuwa na reli isiyo na mzigo wa kubeba. Garimoshi lilipita katika malisho ya Wamaasai, na ng'ombe wa Mmaasai hawapandi garimoshi. Wakubwa wakaamua kwamba lazima waletwe walowezi watakaolima mazao ya kusafirishwa.

Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 huko Njoro. Mwaka uliofuata, 1904, viongozi wa Wamaasai akiwemo Olonana walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa watu wao kutoka sehemu hii ya bonde. Wengine walipelekwa Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba makao hayo yangekuwa yao daima, lakini miaka saba haikupita kabla ya kuletwa mkataba mwingine, wa 1911, uliowaondoa Laikipia pia. Ukitazama ramani ya ardhi iliyochukuliwa mwanzo, utaona inaifuata reli kama kivuli.

Mwaka huohuo wa 1904 Nakuru ilitangazwa rasmi kuwa mji.

Walowezi walilima ngano, mahindi na baadaye pareto. Mwaka 1908 Delamere alianzisha kampuni ya Unga huko Njoro. Chama cha wakulima wa kizungu, kilichokuja kujulikana kama KFA, kiliweka makao yake Nakuru, na hadi leo wenyeji hutumia jina hilo kuelekeza mgeni njia. Mashamba yalihitaji mikono. Maelfu ya familia kutoka Mkoa wa Kati na kwingineko zilikuja kuishi mashambani kama maskwota, zikifanya kazi kwa ujira mdogo na kipande cha kulima. Wengi waliletwa na garimoshi hilo hilo, wakiwa na vyungu, kuku na watoto katika daraja la tatu. Mzungu alikaa daraja la kwanza, Mhindi la pili. Si lazima kuwe na sheria iliyoandikwa ukutani. Nauli na desturi zilitosha.

Kwa hivyo kama wewe ni mwenyeji wa Nakuru, Njoro, Elburgon au Molo na hujui babu yako alifikaje huku, muulize kuhusu garimoshi. Yamkini utasikia habari ndefu.

Mnamo 1921 kazi ilianza ya kujenga njia nyingine kutoka Nakuru, ikielekea nyanda za Uasin Gishu. Njia hii ilipita Rongai, Maji Mazuri na Makutano, ikavuka ikweta, kisha ikapanda hadi karibu na Timboroa, takriban mita 2,780 juu ya bahari. Hakuna reli nyingine katika himaya yote ya Uingereza iliyofika juu kiasi hicho. Ilifika Eldoret mwaka 1924 na hatimaye Kampala mwaka 1931.

Kuanzia hapo njia ya Kisumu, iliyokuwa mama, ikawa tawi. Nakuru nayo ikawa njia panda. Matawi madogo yaliongezwa miaka hiyo ya 1920: moja kutoka Rongai hadi Solai, jingine kutoka Gilgil hadi Thomson's Falls, yaani Nyahururu. Mtu wa kijijini Solai wakati huo angeweza kupeleka magunia yake stesheni ya karibu na yakaishia Mombasa bila kugusa barabara.

JINSI GARIMOSHI LINAVYOPANDA MAU

Wanafunzi wengi huniuliza: garimoshi zito hupandaje mlima, na magurudumu ni chuma juu ya chuma? Jibu ni kwamba halipendi mlima hata kidogo. Miinuko mikali ya njia hii ilifikia mita 1 kwa kila mita 50, na kwa gari la barabarani hiyo si kitu. Kwa garimoshi lenye mabehewa mengi ni adhabu. Ndiyo sababu reli huzunguka zunguka kandokando ya milima ya Mau, ikiongeza urefu ili kupunguza ukali wa mwinuko. Magurudumu yakianza kuteleza kwa sababu ya umande au majani, dereva hunyunyiza mchanga mbele yake. Kuteremka ndiko kwa hatari zaidi, kwani uzito wote huo husukuma kutoka nyuma na tegemeo ni breki.

Injini za kwanza zilikula kuni, na misitu ya Mau ililipa gharama hiyo kabla ya mafuta mazito kushika zamu. Kisha mwaka 1926 zikaja injini za namna ya pekee ziitwazo Garratt. Injini ya kawaida ya mvuke ina magurudumu yake chini ya tangi la kuchemshia maji. Garratt ina seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, na tangi limening'inizwa katikati kama machela. Kwa hiyo uzito unagawanyika, reli nyepesi haipindiki, na injini ndefu inajikunja kwenye kona kama tandu.

Kubwa kuliko zote zilikuja mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa 34, zilitengenezwa Manchester, Uingereza, na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ilikuwa injini ya mvuke yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutembea kwenye reli ya upana wa mita moja. Mpeleke mtoto wako katika jumba la makumbusho ya reli jijini Nairobi aione ile iitwayo Mount Gelai. Asimame karibu na gurudumu lake ajipime. Nilipopeleka wangu, hakuzungumza mpaka tulipofika nyumbani.

Jambo jingine ni kwamba njia ni moja tu. Garimoshi liendalo Kisumu na lile litokalo Kisumu hutumia reli ileile, na hayawezi kupishana ila mahali palipo na reli ya pili pembeni, yaani stesheni. Kwa miaka mingi mkuu wa stesheni hakuweza kuliachia garimoshi liondoke kabla mwenzake wa stesheni inayofuata hajamhakikishia kwamba njia ni tupu. Dereva alipewa kibali mkononi, na bila kibali hakugusa mtambo. Ndiyo maana kulikuwa na stesheni hata mahali ambapo hukuona nyumba kumi. Haikujengwa kwa ajili ya abiria peke yao. Ilijengwa ili magarimoshi yasigongane.

Kila stesheni ilikuwa na nyumba za wafanyakazi, landhi, na kila kipande cha njia kilikuwa na kikosi cha wanaume wa kukaza misumari, kujaza kokoto na kukata nyasi. Watoto wa landhi walijua saa bila saa. Garimoshi la jioni likipiga honi, ulikuwa wakati wa kuota moto.

USIKU WA KUELEKEA MUHORONI

Nilipanda garimoshi hilo mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi. Mama alikuwa akienda kumwona nyanya Muhoroni. Garimoshi la Kisumu liliondoka Nairobi jioni na kufika Nakuru karibu saa sita usiku, hivyo tulikaa jukwaani tumejifunika leso moja.

Nakumbuka baridi ya Molo ikiingia kupitia dirisha ambalo halikufungika vizuri. Nakumbuka mwanga wa taa ya stesheni ukipita juu ya nyuso za watu waliolala, kisha giza. Mama aliniambia, "Lala mwanangu, ukiamka utaona miwa." Sikulala. Nilitaka kuona madaraja, na kitu pekee nilichoona ni kwamba sauti ya magurudumu ilibadilika kila tulipovuka moja, ikawa nyembamba na tupu kana kwamba ardhi imeondolewa chini yetu.

Kulipopambazuka kweli nikaona miwa.

Safari kama hizo zilikuwa zimeanza kupungua hata wakati huo. Shirika la reli la Afrika Mashariki lilisambaratika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na mwaka 1978 Kenya Railways ikaanza na kile kilichobaki. Mvuke ulikuwa ukiaga na injini za dizeli kuchukua nafasi. Barabara ziliboreshwa, malori yakaongezeka, na matatu ikakuchukua mlangoni na kukushusha mlangoni. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, na mkataba huo ukakatizwa mwaka 2017. Katikati ya miaka hiyo garimoshi la abiria la Kisumu lilikoma, na likakaa bila kuonekana kwa takriban miaka kumi.

Reli mpya ya kisasa, SGR, ilifika Suswa upande wa Naivasha mwezi Oktoba 2019. Wengi hapa walitumaini ingeelekea Nakuru. Lakini njia iliyochorwa kwenda Kisumu ilielekea Narok na Bomet, upande wa pili wa Mau. Mji uliozaliwa na reli ya kwanza uliachwa kando na ya pili.

Habari njema zilikuja Desemba 2021. Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 ya mwezi huo, na wiki chache baadaye garimoshi la abiria lilirejea kwenye njia ya Kisumu, baada ya kilomita 217 za reli kuukuu kati ya Nakuru na Kisumu kukarabatiwa. Watu walijipanga kando ya njia kupunga mikono, wengine wakiwa na watoto ambao hawakuwahi kuona kitu hicho. Lakini ratiba iliyotangazwa wakati huo ilikuwa ya safari moja kwa wiki kila upande: Ijumaa jioni kutoka Nairobi, Jumapili jioni kutoka Kisumu.

Kwa anayekwenda nyumbani kwa mazishi au likizo, ni msaada mkubwa. Kwa msichana wa Njoro anayesoma mjini Nakuru, garimoshi linalopita usiku wa manane mara moja kwa wiki halimsaidii kufika darasani.

WANAVYOFANYA WENZETU

Wajapani walikutana na tatizo linalofanana na hili. Nje ya miji yao mikubwa kuna reli nyingi nyembamba za mashambani, zenye upana wa milimita 1,067, yaani milimita 67 tu zaidi ya yetu. Zinapita milimani, abiria ni wachache, na shirika la reli la taifa lilizama kwenye madeni. Mwaka 1987 likagawanywa kuwa kampuni sita za abiria na moja ya mizigo.

Njia zilizokosa faida kabisa zilifungwa na kuwekewa mabasi, au zikachukuliwa na kampuni ambazo serikali za mitaa zina hisa pamoja na wafanyabiashara wa hapo. Nyingi hutumia behewa moja tu lenye injini yake. Dereva yuko peke yake na ndiye hutazama nauli. Abiria wakubwa wa njia hizo ni wanafunzi asubuhi na jioni, na wazee wanaokwenda hospitalini mchana. Si zote zilizosalimika, ikumbukwe. Watoto wakipungua kijijini, garimoshi nalo hupungukiwa.

Hapa kwetu watoto hawajapungua. Na hatuhitaji kwenda mbali kutafuta behewa la namna hiyo. Mwaka 2020 Nairobi ilianza kutumia mabehewa yenye injini zake yaliyonunuliwa yakiwa yametumika katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Yalichaguliwa kwa sababu yanatoshea reli ya upana wa mita moja, reli ileile inayopita Nakuru, Njoro, Elburgon na Molo.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba ni jambo rahisi. Njia ya Mau ina kona nyingi, na matatu iendayo Molo itafika kabla ya garimoshi. Njia ni moja, hivyo garimoshi la wafanyakazi lingelazimika kusubiri la mizigo lipite. Lakini kipande cha kutoka Nakuru hadi Njoro ni kifupi na hakijafika kwenye milima mikali. Upande wa mashariki, Gilgil na Naivasha zina wafanyakazi wa mashamba ya maua na wanafunzi wengi wanaosafiri kila siku. Kama serikali ya kaunti ingekaa meza moja na Kenya Railways wakahesabu abiria wa asubuhi na wa jioni tu, angalau tungejua gharama ni kiasi gani. Hesabu yenyewe haili pesa nyingi.

Mwezi uliopita nilipita stesheni ya Njoro saa kumi na moja jioni. Vijana watatu waliovalia sare za shule walikuwa wakitembea katikati ya reli, wakiruka taruma hadi taruma kuelekea nyumbani, viatu mkononi. Niliwauliza kama wamewahi kupanda garimoshi. Mmoja alisema amewahi kulipungia mkono.